Kado Yenye Inaweza Kukimbia

Mimi sifichi. Kama uko Majengo, hapa Goma, na unapita karibu na watu wanacheka juu ya muzee mwenye aligeuza arusi ya binti yake kuwa soko ya mifugo, usiwaulize jina, ni mimi, na yote yenye wanasema ni kweli, ila ile ya kusema kama niliongea nikilia (hiyo ni uongo, ilikuwa jasho, na jasho ikiingia kwa macho hata askari anapanguza). Miaka mingi nilikataa kuisimulia. Leo naisimulia mwenyewe juu kila mutu anaisimulia vibaya, na aibu yangu sitaki mutu mwingine aniharibie.

Kwanza munijue. Nilisoma mpaka darasa la pili kule Masisi, halafu baba akanitoa juu ng'ombe zilikosa mutu wa kuzifuata, na ng'ombe nazo zikaisha kwa vita. Nilifika Goma na shati moja. Nilianza kusukuma chukudu, ile kinga, baisikeli ya mbao yenye haina pedali, nikabeba makala ya jiko ya watu na viazi vya watu mpaka siku nilianza kubeba mbao zangu mwenyewe, na leo ukifika Birere ukauliza depo ya mbao yenye mabati ya kijani, hata mutoto mwenye hajui kuhesabu atakuonyesha. Na katika hayo yote sikupiga hodi kwa mutu kuomba. Hata chumvi. Bibi yangu anaita hiyo kiburi. Mimi naita mugongo, juu mutu bila mugongo hasimame.

Basi Furaha, binti yangu wa kwanza, akachumbiwa na Amani, mutoto wa Papa Direkteri, muzee mwenye aliongoza shule miaka mingi, mutu wa koti na kalamu mbili kwa mufuko. Doti, ile mahari, walitoa vizuri, zaidi ya mwaka mbele ya arusi: mbuzi zao, na ng'ombe moja nyekundu yenye alama nyeupe kwa paji, tena ilikuwa na mimba. Goma ni mawe ya volkano, majani hakuna, kwa hiyo ng'ombe nilipeleka kwa ndugu yangu mudogo Bahati kule Kiwanja aichunge, na kufuatana na kawaida yetu, mwenye kuchunga anapata ndama. Hakuna mutu alilalamika. Mambo yalikuwa matamu kabisa.

Neno lilianzia kwa karti ya mwaliko.

Furaha alikuwa anajua kushona kuliko wote wa mutaa wetu, na haja yake ilikuwa moja tu: kufungua atelie yake Birere, mulango moja na mashine ya umeme. Chumba chenye walipanga na Amani kilikuwa kidogo, ukiingiza kabati, bwana analala inje. Na munajua arusi za kwetu, watu wanakuja na kado, zawadi zao, termosi, masufuria, sahani za maua, termosi tena, mutu anaweza kuolewa akabaki na termosi kumi na tano na hana chai. Kwa hiyo mutoto akaniletea karatasi ameiandika kwa Kifaransa, akanitafsiria: "Kuwa pamoja na nyinyi njo kado yetu ya kwanza. Kwa wenye watapenda kutubariki zaidi, anvelopi itapokelewa na shukrani."

"Anvelopi ni nini?" nikamuuliza (nilikuwa najua).

"Ni pesa, Papa."

"Sasa mbona hukuandika pesa?"

"Haiandikwake hivyo. Ni adabu."

"Kumbe mutu anaomba, halafu anaficha kama anaomba. Kwa nyumba yangu hatuombi."

"Papa, wote wanafanyaka."

"Wote walisukuma chukudu?"

Akakunja karatasi. Furaha iko na heshima, lakini anakunjaka karatasi kama mama yake, kukunja kwenye kuko na meno.

Hapo njo nilikosea, na munione vizuri, hakuna mutu alinisukuma. Ningeacha ile karatasi iende. Lakini nikasema: lete kalamu, nitaandika mimi, kwa Kiswahili, juu watu wangu wa Masisi hawasomi Kifaransa, na wakati ule wengi wao walikuwa wameshuka tena Goma kwa vita, wengine wanalala kambini chini ya mahema. Nikakaa siku mbili juu ya ile karatasi. Nilikumbuka mimi na bibi yangu, mbio yetu ya kwanza. Kado zetu zote za arusi zilibaki: kitanda ya mbao nzito, kabati yenye kioo, sahani. Tulipofika juu ya mulima nikageuka, nikaona mutu ameshabeba kabati yangu kwa kichwa, kioo inametameta na jua, anashuka nayo pole pole kama mutu mwenye alilipa. Kitu moja tu ilitufuata: pesa kidogo yenye bibi yangu alifunga kwa ncha ya kitenge. Hiyo njo ilitulisha. Toka siku ile nasema, kado yenye haiwezi kukimbia unaiweka tu kwa ajili ya adui.

Nikaandika hivi, na ninaijua kwa moyo mpaka leo: "Tunawajulisha: musilete kitanda, kabati, sahani wala termosi. Tulikimbia mara mingi na vyote vilibaki. Muletee watoto kado yenye inaweza kukimbia."

Muone vile sikuomba. Nilijulisha. Neno pesa halimo, neno anvelopi halimo, na kila mutu mwenye akili ataelewa. Mwenye kuchapisha karti pale Birere aliisoma mara mbili akasema, "Papa, hii imeingia," na mimi nikatembea nikirudi nyumbani kama mutu mwenye alimaliza chuo kikuu.

Furaha aliisoma karti zikiwa zimeshachapwa. Akauliza kitu moja tu: "Papa, wataelewa?"

Nikamujibu, "Mutu mwenye alishakimbia ataelewa."

Na walielewa. Shida ilikuwa hapo.

Siku ya arusi tulitoka kanisani vizuri, tukaingia ndani ya sale, ukumbi wa sherehe, saa sita ya mchana, upande wa kushoto watu wangu, upande wa kuume watu wa Papa Direkteri, mbele meza ya maarusi, na mimi nimesimama kwa mulango na koti ya kijivu, napokea wageni. Wa kwanza kunifikia ni Mama Riziki, mujane, jirani yetu wa zamani kule Masisi, mwenye alikuwa analala kambini. Anavuta mbuzi. Mbuzi nyeusi, imefungwa ruba, utepe mwekundu, kwa shingo.

"Papa Furaha," akasema, "karti yako walinisomea. Hii mbuzi ilikimbia na mimi toka Masisi, siku tatu kwa miguu. Watoto wangu waliomba kubebwa, yeye hapana."

Nikamushukuru. Nikafikiri, masikini, walimusomea vibaya. Nikafunga mbuzi kwa muguu ya kiti (kiti ya plastiki, na mimi muuza mbao, nisamehewe). Sijakaa, akaingia mwingine na mbuzi mbili. Nyuma yake kondoo. Nyuma ya kondoo mama mumoja na bata ine ndani ya kikapu, ananiambia, "Hizi zinakimbia na zinaogelea, kama mbio itaelekea ziwani." Watu wangu wote walikuwa wamefikiri sana juu ya lile neno langu, na kila mumoja alileta kitu yenye alishajaribu.

Nikajituliza: hao ni watu wa milima, wa mujini watakuja na pesa. Wa mujini wakaja. Jirani yangu wa Majengo akaleta valizi ya magurudumu. Muuza misumari wa Birere akaleta kinga yenye pedali. Na mwalimu moja, rafiki ya Papa Direkteri, mutu mwenye alisoma mpaka akazeekea ndani ya vitabu, akaweka juu ya meza viatu vya mbio jozi mbili, vya bwana na vya bibi, akaniambia polepole, "Namba nilibahatisha."

Anvelopi hata moja.

Furaha alikuwa ananiangalia toka kule mbele, ndani ya ile robe nyeupe yenye alijishonea mwenyewe, na hakukasirika, hiyo njo iliniuma. Alikuwa anahesabu mbuzi na macho, kama mutu anaona mashine yake inatembea ikienda mbali.

Halafu mama mwenye sale akanivuta mukono. "Papa, mimi nilikukodisha sale, sikukodisha kiraali ya mbuzi. Ile nyeusi ilishakula maua ya meza, sasa inauliza keki. Uzitoshe inje ao ninazima umeme."

"Nizipeleke wapi?"

"Kwa lupango, ule uwanja wa nyuma. Mulango yake ni ile kubwa, kule kuume."

Kule kuume ilikuwa kwa wakwe zangu. Lakini mutu mwenye moto inamushika nguo haangalii mulango ni wa nani. Na wakati uleule njo ndugu yangu Bahati akaingia, ametoka Kiwanja, yeye na wanaume sita na fimbo zao, na katikati yao ndama. Ndama nzuri, nyekundu, alama nyeupe kwa paji. Ilikuwa ile ndama yake ya kuchunga, haki yake yote, na alikuwa anaipa binti yangu. Ningepaswa kumukumbatia. Nikamuambia tu, "Peleka ile upande, kwa mulango wa kuume, na hizi zingine zote zikufuate. Upesi."

Sasa Bahati ni mutu wa ng'ombe, na mutu wa ng'ombe hafukuzi munyama ndani ya watu kama mutu anafagia taka. Alipanga. Ndama mbele, mbuzi nyuma mumoja mumoja, kondoo, wanaume sita pembeni, wakaanza kuimba ule wimbo wa kusifu ng'ombe wenye tunaimbaka tukipeleka mali ya mutu, wakatoka upande wangu, wakapita mbele ya meza ya maarusi, pole pole, wakaelekea kwa wakwe zangu.

Muziki ikakatika.

Kwa wenye hawatujui, acha niseme. Kwa sisi watu wa milima doti inaenda njia moja tu, toka kwa bwana kuelekea kwa baba ya binti. Siku utaona wanyama wanatoka kwa baba ya binti, wanarudi kwa baba ya bwana, mbele ya macho ya watu, ujue ndoa imekufa. Na kama wanarudisha mpaka na uzao, haikufa tu, wamekwisha kuizika.

Papa Direkteri akasimama. Akafunga vifungo vya koti yake, kimoja kimoja. Watu wake wote wakasimama nyuma yake, nikasikia viti.

"Mukwe wangu," akasema, "tuliwakosea nini?"

"Mukwe, hakuna kitu. Ni wanyama tu wanapita."

"Wanapita wanakuja kwangu. Na ile paji mimi ninaijua. Ng'ombe yenye nilikupa, leo unanirudishia mutoto wake, siku ya arusi, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani. Ungeniambia nyumbani. Mimi siyo mutu wa kuambiwa na mbuzi."

Nikachukua mikro. (Usichukuake mikro kama hujajua neno yako ya mwisho.) Nikasema, "Wapendwa, munanielewa vibaya. Hii yote inatoka kwa ile karti. Mimi nilitaka tu Furaha apate kitu chenye anaweza kukimbia nacho."

Sale ikasema "ee" moja ndefu, na shangazi ya Amani, mama munene mwenye hahitaji mikro, akapiga mikono.

"Si niliwaambia? Toka kwa karti waliandika kabisa, kukimbia. Mutoto hajalala kwa bwana hata siku moja, wameshamutafutia kinga. Valizi ile pale. Na viatu muangalie, mpaka viatu."

Kila mutu akaangalia viatu. Mwalimu mwenye alivileta akaangalia chini. Amani, mutoto muzuri, mwenye hakukosea mutu, akageukia binti yangu, nikamusikia vizuri juu mikro ilikuwa karibu: "Furaha, ni kweli uko na mpango wa kukimbia?"

Nilipitaka kwa barieri za watu wa bunduki na sikuogopa, lakini pale niliogopa, juu niliona binti yangu anarudi nyumbani jioni na ile robe, si juu ya kosa lake, si juu ya vita, ni juu ya baba yake mwenye aliogopa neno moja. Watu wa Direkteri walikuwa wameanza kuchukua mabegi yao.

Furaha akainuka. Akapita katikati ya mbuzi, ameinua robe kidogo, akafika karibu yangu, akaweka mukono wake juu ya mukono wangu yenye ilishika mikro.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "sema lile neno."

"Neno gani?"

"Papa. Unalijua."

Nililijua. Nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko vile nilitaka, juu mikro ilikuwa kwa meno:

"Pesa. Nilikuwa naomba pesa."

Bata zikajibu kwanza.

"Binti yangu anataka mashine ya kushona na mulango wa atelie Birere. Aliandika anvelopi, nikamukatalia, juu mimi sijaombaka mutu kitu toka nizaliwe. Nikazungusha maneno. Nikaandika kukimbia, nikifikiri pesa, juu pesa njo kitu pekee ilikimbia na mimi. Nilisoma mpaka darasa la pili. Ng'ombe hairudi, mukwe. Doti iko kwangu na itabaki kwangu. Furaha hakimbie fasi yoyote. Mimi njo nilikuwa nakimbia, nilikuwa nakimbia neno. Sasa nimeomba. Ninawaomba nyinyi wote, pesa, kwa ajili ya mutoto wangu."

Papa Direkteri aliniangalia sana, vile nafikiri alikuwa anaangalia mwanafunzi mwenye amechelewa. Akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Ni pesa tu?"

"Pesa tu."

"Nyumbani kwangu," akasema, akigeukia watu wake, "tulibishana juma nzima juu ya ile karti. Mimi nilijua. Nilisoma, nikajua huyu muzee anamaanisha pesa. Halafu nikaona haya kusema, nikanyamaza, nikasema itaonekana namuelewesha mukwe." Akafungua kifungo cha pili. "Miaka yote ya kufundisha, na neno moja limetushinda sisi wawili."

Akaingiza mukono ndani ya mufuko, wa kwanza kabisa, akatembea mpaka mbele, akaweka noti juu ya kichwa ya Furaha, na mwenye kupiga muziki, Mungu amubariki, akafungua muziki bila kuuliza mutu. Watu wakajipanga wakicheza. Shangazi ya Amani alikuja wa pili, akapita karibu yangu akasema, "Papa, ungesema mapema, nisingechosha sauti yangu bure."

Ilibaki neno la mbuzi moja, ile nyeusi. Nilimutafuta Mama Riziki, nikamukuta kwa kona anakula wali, nikamuwekea kamba mukononi. "Mama, hii rudi nayo. Wewe uko kambini, ni yako tu umebaki nayo. Umesikia, nilikosea kuandika."

Hakushika kamba. Alimeza kwanza.

"Papa Furaha, unanirudishia kado yangu mbele ya watu? Mimi nilikukosea nini?"

Na wale wa karibu wote wakasikia. Nikapokea ile kamba na mikono miwili, nikainama, mimi huyu, nikasema asante mama, na nikabaki na mbuzi mpaka sherehe ikaisha, inakula mufuko ya koti yangu.

Atelie ilifunguliwa. Wanyama wote walienda Kiwanja kwa Bahati, na walizaa, na hiyo ni hadithi yao. Watu walinicheka mwaka nzima, walikuwa wanapita mbele ya depo wanauliza kama niko na mbao yenye inaweza kukimbia, na mimi nilikuwa nawajibu iko, lakini bei yake inakimbia zaidi.

Lakini sikilizeni vile dunia iko. Siku hizi familia ya Majengo ikiwa na arusi, wazazi wanakuja kwangu kwanza, wasomi, watu wa biro, wanakaa, wanakunywa chai, wanazunguka, wanaulizia afya ya bibi yangu, mpaka mumoja anasema, "Muzee, tuko na neno, na hatujui vile ya kulisema." Mimi nawaacha wateseke kidogo. Halafu siku ya arusi nasimama na koti yangu, nachukua mikro, nasema: wapendwa, watoto hawa wanaomba pesa. Nakaa. Haipiti dakika, na hakuna mutu analeta bata.

Kuandika karti niliacha, na nimeapa sitashika tena kalamu kwa neno yenye kinywa inaweza kumaliza. Kuomba nako nilikuwa nafikiri kunainamisha mutu. Nimeona mwenyewe, chenye kinainamisha mutu ni kuzunguka neno mpaka mutoto wako anakuja kukushika mukono mbele ya watu. Kama uko na haja, simama uiseme kwa jina lake. Mimi nilijifunza nikiwa na mvi, na leo lile neno, pesa, ninalisema kuliko wote hapa Goma.